Kutoka Manor House hadi Gibson Square: uchambuzi wa swali moja la mtihani wa madereva teksi wa London

Kisa chenyewe ni hiki. Mtahiniwa kavaa suti, kakaa wima mbele ya meza ya mtahini. Mezani hakuna ramani yake, simu imezimwa, hana hata kikaratasi. Mtahini anamwita kwa jina la ukoo, "Bwana" fulani, halafu anataka apelekwe kutoka stesheni ya Manor House hadi Gibson Square. Hakuna gari litakalowashwa. Safari yote itapita mdomoni, na inatakiwa itoke hivi:

"Natoka kushoto Green Lanes. Kulia Brownswood Road. Kushoto Blackstock Road. Mbele Highbury Park. Mbele Highbury Grove. Kulia St Paul's Road. Nafuata kipilefti cha Highbury Corner. Natokea Upper Street. Kulia Islington Park Street. Kushoto College Cross. Kulia Barnsbury Street. Kushoto Milner Square. Mbele Milner Place. Mbele Gibson Square."

Hiyo ni kilomita nne na kidogo, kaskazini mwa London. Ndiyo safari namba moja katika orodha ya safari 320 ambayo kila anayetaka leseni ya teksi nyeusi ya London anapewa. Orodha hiyo inajulikana kama Kitabu cha Buluu, na mtihani mzima unaitwa the Knowledge. Mimi nitauita Maarifa. Ulianza mwaka 1865, na unahusu mitaa iliyo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, katikati ya jiji. Kwa hesabu inayotumiwa siku zote ni mitaa kama 25,000, ukiacha hospitali, hoteli, balozi, mahakama, kumbi na sanamu zilizopo katika mitaa hiyo.

Nimechagua safari hii moja kwa sababu watu wakisikia habari za Maarifa hurukia hizo 25,000, wanashangaa, mjadala unaishia hapo. Namba kubwa haikuambii mtu anafundishwa nini. Swali moja linakuambia.

Tuanze na lugha. Jibu lile limeandikwa kama amri za kijeshi, na ndivyo linavyotakiwa kutamkwa: upande, jina la mtaa, upande, jina la mtaa. Ukisema "unakwenda mpaka kule kwenye taa, halafu unakata kama unaenda Highbury", umejimaliza. Hata kipilefti kina namna yake ya kusemwa: unataja kwamba unakifuata, kisha unataja mtaa unaotokea. Atakayelisoma jibu hili akiwa Dar es Salaam ataona ugumu ulipo. Dereva wa Dar ukimwambia "nipeleke Sinza kwa Remmy", au Buguruni Sheli, anafika bila kuuliza mara mbili. Alama anazijua na njia anaijua. Mwombe sasa akae kitini na akutajie jina la kila barabara aliyopita, kwa mpangilio, bila kuiona. Wengi watakwama kona ya pili, na wala si kwamba hawaujui mji.

Kabla ya kuanza kuendesha kwa mdomo, mtahiniwa anatakiwa kwanza aoneshe kwamba anajua mahali pawili palipo, pa kuanzia na pa kuishia. Kwa swali letu kazi hiyo ni nyepesi, maana Gibson Square ni jina la mahali lililoandikwa ukutani. Mtahini hana haja ya kuwa mwema hivyo. Anaweza kukutajia ukumbi wa Almeida, ambao uko hapohapo jirani, nawe unatakiwa ujue kwamba uko Almeida Street, upande gani, na mlango wake unaingiwaje. Kwa kila safari katika zile 320, mwanafunzi huchora duara la robo maili mahali inapoanzia na jingine inapoishia, kisha anakusanya kila kitu kilichomo. Kwa duara la Gibson Square atakuta Business Design Centre, lile jengo kubwa lililokuwa ukumbi wa maonyesho ya kilimo tangu 1862. Atakuta sinema ya Screen on the Green na ofisi za manispaa ya Islington. Na akiingia katikati ya Gibson Square yenyewe atakuta kijijengo kama hekalu la Kigiriki. Watalii hukipiga picha wakidhani ni kumbukumbu ya mtu fulani, kumbe ni tundu la kupumulia la treni ya chini ya ardhi ya njia ya Victoria. Wakazi walikataa kuwekewa mnara mbaya bustanini, ndipo likajengwa kwa sura hiyo.

Mambo ya namna hii hayapatikani kwa kukaa na ramani sebuleni. Ndiyo maana wanafunzi wa Maarifa wanatambulika London nzima: mtu yuko juu ya skuta, mbele ya usukani kafunga ubao wenye ramani iliyovishwa nailoni, mvua inamnyea, anasimama, anaandika, anaondoka. Asubuhi anapita safari kwenda, anageuza anapita kurudi, kwa kuwa kurudi ni safari nyingine kabisa pale ambapo mitaa ni ya upande mmoja. Jioni anakaa na mwenzake mezani wanasomeana, mmoja akiwa mtahini na mwingine mtahiniwa, kwa sauti, mpaka mdomo uwe na mazoea.

Tukirudi kwenye njia yenyewe, kuna uzi. Mwanafunzi anachukua uzi, anauvuta kwenye ramani ya ukutani kutoka Manor House hadi Gibson Square, na anatafuta mitaa inayoukaribia zaidi. Hilo ndilo sharti la msingi: njia fupi iliyo halali. Mtahini haulizi njia nzuri, wala isiyo na foleni saa kumi na moja jioni. Hapo ndipo mtu anayelijua eneo la Islington kwa miguu anapata shida, maana mazoea yake yatamwambia anyooshe Upper Street hadi Theberton Street, akate kulia, awe amefika. Kweli atafika, lakini Theberton Street inaingilia Gibson Square kwa kusini wakati yeye anatoka kaskazini. Safari ya kitabuni inaacha barabara kubwa mapema, inachomekea Islington Park Street na kushuka kwa mitaa midogo hadi Milner Place, inayoingilia kwa juu. Ukiweka uzi utaona kilichotafutwa.

Mimi naliona somo la kwanza la safari namba moja kuwa ni hilo, kuliko majina yenyewe: barabara kubwa inavuta, na dereva anafunzwa asivutwe.

Kuna na jambo la njiani. Ukishuka Blackstock Road, mitaa michache upande wako wa kulia ndipo ulipokuwa uwanja wa Highbury wa Arsenal, tangu 1913 hadi 2006. Uwanja umekuwa nyumba za makazi, na ukuta wa jukwaa la mashariki umebakizwa kwenye Avenell Road. Shabiki wa Arsenal aliyekulia Kariakoo au Majengo ataona raha kuujua huo mtaa. Mwanafunzi wa Maarifa anatakiwa ajue kwamba abiria mzee anaweza kusema "Highbury" akimaanisha pale, na kijana akisema "uwanjani" anamaanisha Emirates, uwanja mpya wa Arsenal, na njia zake si moja.

Sasa tuje mahali ambapo kisa hiki kinauma: Highbury Corner. Kwa miaka mingi hicho kilikuwa kipilefti cha kawaida, magari yakizunguka kisiwa chenye miti. Mwaka 2019 mamlaka ya usafiri ya jiji, Transport for London, ilikibomoa. Upande wa magharibi ulifungwa ukawa uwanja wa watembea kwa miguu na baiskeli, na pande zilizobaki zikafanywa za kwenda na kurudi. Yaani jibu lililokuwa sahihi kwa vizazi vya wanafunzi, "nafuata kipilefti", likabaki kusimulia kitu ambacho hakipo. Mwaka uliofuata manispaa ya Islington ilianza kufunga mitaa kadhaa ya makazi isipitiwe na magari ya njia fupi, na madereva wakaanza upya kusoma kona walizodhani wamezimaliza.

Anayekariri tu anaumbuka hapa. Aliyekariri maneno kumi na manne kama shairi ataendelea kulighani shairi. Aliyepita pale kwa skuta atasita, atajirekebisha, atataja ilivyo. Kusita kunakatwa alama, hilo ni kweli, lakini kupita mahali pasipopitika kunakatwa zaidi.

Utaratibu wa mtihani nitaupitia haraka, kasoro sehemu moja. Mwombaji anaweza kuanza akiwa na miaka 18, ila leseni haitolewi kabla ya 21. Anachunguzwa rekodi za polisi na afya. Kuna mtihani wa maandishi wa kuchagua majibu. Baada ya hapo ndipo anaanza kuitwa kwa mtahini, uso kwa uso, na huko ndiko watu wanakoachia njiani.

Miito hiyo ina ngazi tatu, na kila ngazi inaitwa kwa siku za kusubiri kati ya mwito na mwito: 56, halafu 28, halafu 21. Kila mwito una maswali manne kama lile la Manor House, na mwishoni unapewa herufi. A ni pointi 6, B ni 4, C ni 3, D ni sifuri. Ukifikisha pointi 12 unapanda ngazi. Una nafasi saba. Piga hesabu: A mbili zinatosha, B tatu zinatosha, C nne zinatosha. Mtu wa kawaida, anayejua mji kiasi na kutetemeka kiasi, ni mtu wa C. Anahitaji siku nne nzuri kati ya saba. D nne zikitangulia, ngazi hiyo imekufa na anaianza upya. Akiiangusha tena, anashushwa ngazi ya chini yake.

Angalia maana yake kwa yule aliyeko kwenye 56. Akizitumia nafasi zote saba, mwaka unakaribia kwisha na bado yuko ngazi ileile. Na mwaka huo hakulipwa hata senti kwa kusoma. Amelipia mafuta ya skuta, ada na chakula. Ngazi zikisogea siku zinapungua, maana yake lazima akili ibaki moto muda wote. Halafu, akishamaliza hayo, kuna sehemu ya mwisho ya vitongoji, njia kuu za kutoka katikati ya jiji kwenda pembezoni, ukiwemo uwanja wa ndege wa Heathrow. Kwa wengi safari nzima ni miaka mitatu hadi minne.

Watahini wanasifika kwa ukali, na masimulizi ni mengi. Wanafunzi husimuliana habari za sanamu ya panya wawili wanaogombea jibini, ndogo kiasi cha kufichika kwa kiganja, iliyobandikwa kwenye jengo la Philpot Lane katikati ya jiji, na kuonyana kwamba siku moja mtaulizwa iko wapi. Ukali huo ninautetea, kwa kiasi. Abiria mlevi saa nane usiku, aliyegombana na mkewe na anayetaja jina la hoteli nusu, ni mtahini mkali kuliko yule mwenye tai. Kuitikia "ndiyo, bwana" na kuendelea na njia bila kukasirika ni sehemu ya kazi. Nisichokitetea ni subira. Siku 56 kati ya mwito na mwito hazimpimi mtu anajua nini. Zinapima nani ana mshahara wa mke au mume nyumbani, nani ana akiba, nani anaweza kufanya kazi ya usiku na kusoma mchana bila kuanguka.

Kuna ushahidi unaonisukuma kusema hivyo. Eleanor Maguire wa University College London, aliyefariki Januari 2025, alijulikana duniani kwa kuwapima ubongo madereva teksi wa London. Matokeo yake ya mwaka 2000 yalionesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo linalohusika na kumbukumbu ya mahali, ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva hao kuliko kwa watu wengine. Swali likabaki: je, mtihani umeukuza ubongo, au wenye ubongo wa namna hiyo ndio wanaovutwa na kazi? Pamoja na Katherine Woollett aliwafuata wanafunzi 79 tangu wanaanza Maarifa, na matokeo yakatoka mwaka 2011. Waliopata leseni walikuwa 39. Mwanzoni hawakuwa na tofauti na wenzao walioshindwa. Baada ya miaka, mabadiliko yalionekana kwa waliofuzu peke yao.

Gazeti likiandika habari hii huishia kwenye ubongo kukua. Mimi huangalia kitu kingine katika matokeo yaleyale: waliofuzu walikuwa wamesoma kwa wiki karibu mara mbili ya saa za wale waliofeli. Walioanza sawa kwa akili walitenganishwa na saa. Na saa, London, ni kodi ya nyumba. Jambo la pili lililoandikwa humo halisemwi sana: waliofuzu walifanya vibaya zaidi kuliko wenzao katika jaribio la kuchora upya, kwa kumbukumbu, mchoro tata waliokuwa wameoneshwa muda mfupi kabla. Inaelekea kichwa kinatoza bei yake.

Basi mtu atauliza, na huulizwa hasa na ndugu zetu walioko kule wanaoendesha gari za kukodi kwa simu: kwa nini nijitese wakati simu inanitajia kona zote? Hapa lazima tutenganishe leseni mbili, maana watu wanazichanganya. Dereva wa gari la kuagizwa kwa programu au kwa ofisi hafanyi Maarifa. Anapimwa kusoma ramani, Kiingereza na kanuni za usalama, na hana ruhusa ya kuokota abiria anayempungia mkono barabarani. Lazima safari iwe imeagizwa. Mwenye beji ya kijani, ambayo ndiyo zawadi ya mtihani huu, anaokota popote London, anapanga foleni kwenye vituo vya teksi, na nauli yake inasomwa na mita kwa viwango vilivyowekwa na mamlaka. Ipo pia beji ya njano, kwa wanaotaka kufanya kazi katika ukanda mmoja wa vitongoji, yenye masomo machache zaidi. Kwa mwenye familia na mkopo ningesema aifikirie hiyo kwanza, ingawa mashabiki wa kijani watanicheka.

Simu nayo tusiidharau. Kwa foleni ya sasa hivi, inamshinda mtahini yeyote. Ila kwenye safari yetu jaribu kuchapa "Highbury" halafu uone inakupeleka wapi: kitongoji, stesheni, uwanja wa zamani, au bustani ya Highbury Fields. Abiria anayesema jina pungufu anahitaji mtu wa kumuuliza swali moja sahihi, na swali hilo linatoka kwa mtu ambaye ameshazijua Highbury zote nne.

Hesabu ya pesa ndiyo ngumu. Teksi mpya inayosajiliwa London tangu Januari 2018 lazima iweze kwenda bila moshi. Lazima pia iweze kugeuka katika nafasi finyu na kubeba kiti cha magurudumu. Gari la namna hiyo likiwa jipya bei yake inapita pauni 60,000, hivyo anayetoka kwenye mtihani anaingia ama kwenye mkopo ama kwenye kukodi gari kwa wiki. Mwaka 2014 wenye leseni za teksi London walikuwa kama 25,000. Miaka kumi baadaye walikuwa chini ya 18,000, na wengi waliobaki ni watu wazima. Kuna wanaosoma takwimu hizo kama tangazo la msiba. Anayeanza leo na miaka 25 anaweza kuzisoma kinyume chake, kwamba foleni kwenye vituo itakuwa fupi atakapofika, mradi abiria wa kupunga mkono bado wapo.

Kama ni mimi ninayeshauri, ningemwambia huyo kijana asinunue chochote kwanza. Akope skuta au baiskeli siku moja, aende Manor House, apite safari namba moja kwenda na kurudi, aingie ndani ya Gibson Square, aandike kila alichokiona ndani ya duara lake. Usiku aitamke mara moja bila karatasi. Kesho yake aikalie safari namba mbili, na ajipimie wiki yake ina saa ngapi za kazi hii baada ya kodi, watoto na usingizi. Zikiwa chache mno, asubiri mwaka mmoja aweke akiba. Safari namba moja haiendi popote, labda Highbury Corner ndiyo watakuwa wameibadilisha tena.